Kiesperanto cha jikoni: maswali yenu

Ufagio unaitwaje?
Balailo.

Mimi niko Jinja. Naweza kuchukua neno la Kiingereza nikaweka -o ya nomino mwisho, si watu wataelewa tu?
Banange, hili swali linarudi kila mara! Hapana. Kanuni ya 15 ya sarufi ya Kiesperanto inaruhusu maneno ambayo lugha nyingi zimeyachota mahali pamoja, kama telefono, sio kila neno ulilozoea kusoma kwenye boksi dukani, na kanuni hiyohiyo inasema ukishapata neno la msingi, yale mengine yajenge kwa viambishi. Ndo maana pasi ya nguo ni gladilo, gladi ni kupiga pasi na -il- ni kifaa. Mrusi anayejua gladi ameshakuelewa, Kiingereza chako cha nini. Zamenhof, aliyeiunda lugha hii, mwaka 1887 alitoa mizizi kama 900 tu akaachia viambishi kazi iliyobaki, na nyie ambao hamtaki kusoma viambishi ndo mnaolalamika lugha haina maneno.

Kinu na mchi?
Swali zuri. Pisti ni kutwanga. Kinachotwanga ni pistilo, kinachobeba karanga ni pistujo, sababu -uj- ni chombo cha kuwekea, kama sukerujo ya sukari na monujo ya pesa. Wengi mnachanganya hizi mbili, ukiomba pistujo huku unataka mchi utaletewa kinu.

Sigiri je? Programu ya kutafsiri imenipa kuirejo.
Kuirejo ni chumba cha kupikia! Uliandika "jiko", na Kiswahili jiko ni chumba na ni kifaa, sasa mashine itajuaje. Sigiri ni fornelo, na kama lazima ijulikane ni ya makaa sema lignokarba fornelo. Kamusi kubwa ya Kiesperanto, PIV, iko bure kwenye intaneti, ifungue kabla ya kuuliza programu.

Jerikeni?
Kanistro.

Bodaboda, matoke na rolex nitafsiri vipi?
Bodaboda ni mototaksio, hapo hakuna shida. Chakula ndo usikitafsiri kabisa. Wajapani walipeleka suŝio, Waitalia pico, wote wakala na jina lake, sasa kwa nini sisi tuandike "ndizi mbichi zilizopikwa" kama tunaomba radhi? Mimi naandika matoko, herufi ya mwisho tu ndo imebadilika. Rolex iache ilivyo, ila mara ya kwanza ongeza platpano kun omleto, yaani chapati na mayai, maana msomaji wa Poland atadhani unakula saa.