Bomba la titani halipashwi moto kama la chuma

Wanangu mnaoanza kazi ya kuchomelea, wengi mkononi mna mazoea ya chuma: mshono ukiwa mgumu mnaupasha kwa toshi ya gesi, mnauacha upoe polepole, basi. Kwa titani, mazoea hayo yaacheni kabisa.

Titani ikipita kiasi cha 430°C huanza kunyonya oksijeni na nitrojeni ya hewani. Zikishaingia, ugumu unapanda lakini bomba halinyumbuliki tena, ukilipinda, linapasuka. Na oksijeni iliyokwishaingia haitolewi kwa kupasha tena, hata tanuri liwe zuri vipi. Ndiyo maana nasisitiza rangi. Mshono wa rangi ya fedha ni salama. Manjano hafifu mara nyingi hupita. Buluu, kijivu, au weupe wa unga: kata, chomelea upya, na safari hii gesi ya agoni ifunike nje na ndani ya bomba mpaka mshono upoe. Msiisugue buluu kwa brashi ikang'ara mkadhani mmeiponya. Mnaondoa rangi tu. Madhara yamo ndani.

Sasa, kupasha kuna faida gani? Kubwa ni kulegeza mkazo uliobaki baada ya mshono kupoa na kujikunja. Kwa titani safi, 480 hadi 595°C kwa nusu saa au zaidi kidogo hutosha, ndani ya tanuri la ombwe, yaani lililotolewa hewa, au la agoni. Uimara haubadiliki sana. Ila msitarajie punje za mshono, yaani vifuwele vidogo vinavyounda metali, zirudi kuwa ndogo. Titani safi hubadili mpangilio wa atomi zake kwenye 882°C, na mshono umevuka hapo hadi kuyeyuka, kwa hiyo punje zimekua. Viwandani, wanaotengeneza bomba la mshono huugandamiza kwanza likiwa baridi, ndipo hulipasha kwenye 700°C hivi. Hapo punje mpya huzaliwa. Bila kugandamiza, moto peke yake hauzipunguzi.

Jambo la kwetu hasa ni chumvi. Karakana zilizo karibu na bandari ya Malindi, upepo wa bahari huacha chumvi juu ya kila kitu, na jasho la vidole huongeza. Aloi kama Ti-6Al-4V, yaani titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, ikiingia tanurini na chumvi huku ina mkazo, inaweza kufanya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Futeni kwa asetoni na kitambaa safi, msitumie dawa ya kusafishia yenye klorini, na baada ya hapo asiguse mtu bila glavu safi.

Bomba jembamba la titani safi la kupoozea kwa maji ya bahari mara nyingi halihitaji kupashwa kabisa. Someni maelekezo ya kazi kwanza. Likihitaji, kipande cha majaribio chenye mshono kama ule kiingie tanurini pamoja nalo, kisha kipindwe. Kikipasuka, bomba halitoki karakana.