Dole gumba linauma, na moyo umechoka

SWALI: Nina miaka minne katika kazi ya kukanda mwili. Kila jioni shina la dole gumba huniuma hata nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa, na siku hizi mteja akibisha hodi natamani asingekuja. Je, niache kazi?

JIBU: Usiiache kabla hujabadilisha namna unavyoifanya. Kiungo cha shina la dole gumba ni kidogo mno kubeba mikandamizo mizito kutwa nzima. Kazi hiyo ipe kigasha au kiwiko, na dole libaki la kupapasa na kutafuta fundo la msuli. Chunguza pia kitanda chako: simama kando yake mikono ikining'inia, na kama uso wake unapita juu ya vifundo vya ngumi, kishushe, kwa sababu kitanda kirefu hukulazimisha kusukuma kwa mabega badala ya kuegemea kwa uzito wa mwili, mguu mmoja ukiwa mbele na kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka.

Ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Muone daktari mapema.

Kuhusu moyo kuchoka, nashuku ratiba yako kuliko wito wako. Usipange wateja wa ukandaji mzito mfululizo, acha angalau robo saa kati yao, na anayedai nguvu zaidi mwambie hapana. (Wengi wao hata hawahitaji.)