Kabla hujauliza bei ya jiwe, niambie una majina mangapi

Juzi kijana mmoja kaniandikia, anasema kwao wanataka kujenga mnara wa wazee waliokwenda Keya, lile jeshi la mkoloni Mwingereza (King's African Rifles), wakafia ng'ambo, anauliza aanzie wapi na jiwe la marumaru linaendaje siku hizi. Nikacheka, halafu nikakaa kimya, maana kwetu nasi kamati ilianza na bei ya jiwe na ndicho kilichotuponza.

Kwetu ni mji mdogo tu, stendi moja na soko moja. Mdogo wake babu yangu alichukuliwa na Keya wakati wa vita ya Hitler, nyumbani tukaambiwa kafia Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, basi. Toka nipo mtoto kila akitajwa kwenye dua ni "yule wa Bama". Hakuna kaburi wala picha, hata barua hakuna.

Siku moja usiku nimekaa na simu nikaingia kwenye tovuti ya ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wana orodha ya majina ya waliokufa, unatafuta bure. Wiki mbili sipati kitu! Kumbe jina letu linaanza na Mw, karani wa jeshi kaandika M peke yake na mwishoni kabandika herufi anayoijua yeye. Nilipolipata nilipiga kelele mpaka mke wangu akaamka. Ameandikwa ni wa mizinga, East African Artillery, kafariki tarehe 12 Februari 1944.

Sasa sikiliza. Hiyo tarehe ndiyo siku meli ya Khedive Ismail ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives. Ilitoka Mombasa inaelekea Colombo, imejaa askari wetu wa mizinga pamoja na manesi na mabaharia, nyambizi ya Kijapani ikaipiga ikazama kwa dakika chache mno, wakafa watu karibu 1,300. Kwa hiyo mzee Bama hakufika! Miaka yote tunamwombea kwenye msitu ambao hajawahi kuuona, mwenzetu yupo baharini.

Nikapanda basi hadi Nairobi. Majina ya wale wa meli yako kwenye makaburi ya vita barabara ya Ngong, kwenye ule ukumbusho wa Afrika Mashariki. Nikalikuta lake. Nikapitisha kidole juu yake mara tatu nne hivi, mlinzi wa bustani akaniangalia tu akaniacha. Sina la kuongeza hapo.

Nimerudi na moto, nikaitisha kamati, grupu la WhatsApp, michango. Vikao sitavisimulia, mnavijua. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa wazee kukusanya majina na nilipata 11, mengine kwa bibi vizee ambao wanakutajia jina halafu wanakutajia na ng'ombe aliyeachwa. Nikaandika kwenye daftari, nikampa katibu.

Siku ya uzinduzi pazia likavutwa. Jina la mheshimiwa mgeni rasmi limechorwa kwa rangi ya dhahabu, linasomeka kutoka stendi. Chini yake, "Kwa kumbukumbu ya mashujaa wetu". Majina hakuna! Nikamfuata katibu, ananiambia kwa upole kabisa, bwana fundi anachaji kwa herufi, bajeti ikawa haitoshi. Herufi za mheshimiwa zilitosha lakini. Watu wakapiga makofi, pilau likaliwa, na mimi nikala, sitadanganya.

Bado inaniuma. Yule askari wa shaba pale Posta, Dar, amesimama toka 1927 na hana jina la mtu hata mmoja, wale wenzake wa Nairobi toka 1928 vilevile. Wapagazi wa vita ya kwanza ndio kabisa, wamebaki kwenye majina ya masoko, Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, yaliyotokana na Carrier Corps, kikosi chao. Mwaka 2021 hiyo hiyo Tume ikatoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 wa vita ile, labda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tukawasema sana. Halafu sisi, kwa hela zetu, kwenye mji wetu, tumefanya lilelile.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na majina. Muulize bibi analitamkaje, usichukue lile la kwenye kadi ya kliniki, halafu litafute kwa spelingi tano, sita, hata kumi. Ukilipata soma tarehe kabla ya kusoma kitu kingine. Waliofia Bama bila kaburi wengi wapo kwenye ukumbusho wa Rangoon, kule Taukkyan, hukohuko Bama, una majina karibu 27,000, ni mengi mno kwa hiyo usikate tamaa mapema. Wengine hutawapata, waandike hivyo hivyo. Majina kwanza, nasema tena. Na kwenye kamati mwogope mtu anayeuliza mgeni rasmi atakuwa nani wakati marehemu hata hamjawahesabu, mtu huyo mpe kazi ya maturubai. Tumekuwa watu wa kupenda uzinduzi kuliko jambo linalozinduliwa, misiba yenyewe siku hizi ina itifaki.

Mimi Julai 25 iliyopita, siku ya Mashujaa, nilichapa yale majina 11 kwenye karatasi, nikalamineti kwa buku moja pale stesheneri, nikaifunga na waya kwenye nondo za uzio wa jiwe. Wiki haikuisha ikatolewa. Nikafunga nyingine, nayo ikatolewa. Ya tatu nimeifunga usiku, juu kidogo, na mpaka jana ilikuwepo.