Leza kwenye meli za kivita, ugumu uko wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nimeona video meli ya kivita ya Marekani inaunguza droni kwa leza, na Waingereza nao wanasema leza yao ya DragonFire kupiga mara moja haifiki hata pauni 10. Sasa kama ni rahisi hivyo, mbona meli bado zinabeba makombora ya bei mbaya? Si waongeze tu nguvu?

JIBU: Salama ndugu yangu, hapo kwenye kuongeza nguvu ndo penyewe, manake adui mkubwa wa leza ni joto, na joto lenyewe liko sehemu mbili.

Kwanza ndani ya meli. Mwaka 2014 meli ya Marekani USS Ponce ilikuwa na leza ya kilowati kama 30, siku hizi meli yao nyingine, USS Preble, imefungwa leza inayoitwa HELIOS ya kilowati 60 na kuendelea. Leza za namna hii zinageuza kuwa mwanga kama theluthi moja tu ya umeme zinaokula, uliobaki wote unageuka joto humo humo, yaani ukitaka kilowati 60 za mwanga unapeleka kama 180 na zile 120 lazima pampu na maji ya kupozea yaziondoe fasta, na hiyo mitambo inataka nafasi kwenye meli ambayo tayari imejaa rada na makombora.

Ya pili ndo inayonisumbua zaidi, hewa. Baharini kuna mvuke na vichembe vya chumvi, mwale ukipita vinanyonya nguvu kidogo, hewa inapata moto inatanuka na kuanza kuutawanya mwale. Ushaona hewa inavyochezacheza juu ya lami jua likiwaka? Ni hivyo hivyo, ila hapa mwale unajiharibia njia wenyewe, na ukiongeza nguvu hewa nayo inachemka zaidi. Droni ikikatiza kwa pembeni afadhali, mwale unahama nayo unakutana na hewa mpya, lakini kombora linalokuja moja kwa moja kwenye meli, mwale umeganda njia moja na hewa ni ile ile inazidi kupata moto, kama hakuna upepo wa kuisukuma ndo kabisaa. Na hilo kombora ndo lenye kuzamisha meli!

Halafu kuna kutulia. Leza hailipui kitu, inachoma, kwahiyo doa la sentimita chache lazima likae palepale kwa sekunde kadhaa huku meli inayumba na injini zinatikisa. Mwale ukicheza milimita 1 tu kwa kila mita 100, kwenye kilomita 5 doa limeshahama sentimita 5, unaanza kuchoma upya.

Ndo maana bado wanaifunga pamoja na makombora, droni ndogo zichomwe na leza, na siku ya ukungu au shabaha ikiwa bado nyuma ya upeo wa macho lirushwe kombora.