Girmay hakubahatisha

Ndugu uliyeuliza kama Biniam Girmay, mwendesha baiskeli wa Eritrea, alibahatisha tu Tour de France ya 2024, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, hapana aisee, bahati haikupi ushindi wa hatua tatu (kila hatua ni mbio za siku moja) na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho. Huyu kijana wa Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Waeritrea wanapenda baiskeli kama sisi tunavyopenda mpira, alipita kituo cha mafunzo ya baiskeli kule Aigle Uswisi, alafu 2021 akachukua medali ya fedha ya mashindano ya dunia kwa vijana chini ya miaka 23, 2022 akabeba Gent-Wevelgem, mbio za siku moja kule Ubelgiji, na hapo bado ana miaka 21 tu!

Mwaka huohuo kwenye Giro, mashindano makubwa ya Italia, alimshinda nyota wa Uholanzi Mathieu van der Poel kwa kasi ya mita za mwisho za hatua iliyoishia pale Jesi, akapanda jukwaani, anafungua chupa ya mvinyo, kizibo kikamruka puu kwenye jicho la kushoto, akajitoa mashindanoni. Mimi niliumia sana siku ile.

Kwa hiyo kwenye hatua ya Tour ya 2024 iliyoishia Turin, Italia, alipovuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, niliruka kwenye kochi nikalia kabisa.