Ninyi wenyewe ni ghala la baruti

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni neno gani la kijeshi ambalo Waingereza wanalitumia kila siku wakiwa wamesahau lilikotoka? Mimi langu ni lile ambalo Mwingereza akiliona jarida lenu mezani atalitamka: "magazine".

Nililipata kwa sauti ya afande, si darasani. Tukiwa JKT, kwenye jua kali, tuliamriwa kutoa magazini na kuirudisha mpaka vidole vikaota sugu. Ilikuwa ni kile kikasha cha chuma kilichopinda, kinachochomekwa chini ya bunduki kikiwa na risasi 30. Kwa miaka mingi sikujua magazini nyingine.

Nilipohamia Kigoma, jirani yangu, mama mmoja aliyetokea Lubumbashi, alinipitia asubuhi moja barazani. "Muzee, niko naenda ku magazini. Nikuletee nini?" Nikamtazama kikapu, nikamtazama usoni. Nikamuuliza kama anakwenda vitani. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kwao magazini ni duka, kwa sababu walilipokea kutoka kwa Wabelgiji, na kwa Kifaransa "magasin" ni duka. Hakukosea, wala mimi sikukosea. Tumelirithi neno moja kwa milango miwili.

Chimbuko lake si jeshi, wala si Uingereza. Ni Kiarabu: makhzan, mahali pa kuwekea vitu, na wingi wake makhazin. Wafanyabiashara wa bandari za Mediterania walilibeba pamoja na shehena zao. Waitalia wakasema "magazzino", Wafaransa "magasin", na mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza nao wakawa nalo, likiwa bado na maana ya ghala tu. Hapa sikio la Mswahili lishtuke kidogo. Mzizi wake ni kh-z-n, kuweka akiba, na ndio uliotupa hazina na mhazini. Yule mhazini wa kikoba chenu, anayelala na daftari chini ya mto, ana undugu na kikasha changu cha risasi. Huko Moroko dola yenyewe, mfalme na watu wake, huitwa Makhzen hadi leo, yaani ghala. Sijaona jina la serikali lililo wazi kuliko hilo.

Jeshi lilipolichukua neno, likalibana: ghala la silaha, hasa la baruti. Katika manowari za zamani za mbao chumba hicho kilikuwa tumboni mwa meli, chini ya usawa wa maji ili mizinga ya adui isikifikie. Aliyeingia alivua viatu vyenye misumari akavaa vya kitambaa, maana cheche moja ya msumari ingewamaliza wote. Taa haikuruhusiwa ndani. Iliwashwa katika kijumba cha pembeni, mwanga ukapenya kwenye kioo kinene, na mabaharia wakajaza mifuko ya baruti katika nusu giza hilo. Hata meli za chuma za baadaye hazikuponyoka hatari hiyo. Tarehe 24 Mei 1941 manowari ya Uingereza, Hood, ilipigwa na Bismarck ya Wajerumani, ghala lake la nyuma likalipuka, na kati ya watu 1,418 waliokuwamo wakapona 3.

Sasa, kutoka kwenye chumba hicho cha kutisha tulifikaje kwenye karatasi za kusomea kitandani? Kwa tashbihi ya mtu mmoja. Mwaka 1731, London, mchapishaji Edward Cave alianzisha chapisho la kila mwezi akaliita The Gentleman's Magazine. Aliwaeleza wasomaji kwamba yaliyo bora katika magazeti ya wakati huo yalikuwa yanapotea, naye angeyakusanya na kuyawekea akiba kama ghalani. Jina likashika kuliko alivyotarajia. Wenzake wakaliiga, na chapisho lake likaendelea kutoka hadi 1922.

Kinachonifurahisha zaidi ni ushahidi wa Samuel Johnson, aliyekuwa akipata riziki yake kwa kumwandikia Cave. Alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, maana ya kwanza aliyoiweka ni ghala, aghalabu la silaha au la vyakula. Ya pili akaieleza kama jambo la juzijuzi: siku hizi neno hili linatumika kwa kijitabu cha mambo mchanganyiko, kwa sababu ya chapisho la Edward Cave. Ni nadra sana mwandishi wa kamusi kuiona maana mpya ikizaliwa ofisini kwa bosi wake. Wafaransa nao, wenye "magasin" yao, wakalichukua upya "magazine" la Kiingereza kwa maana ya jarida. Ni kama mtu kununua sokoni kuku aliyeibwa bandani kwake.

Maana ya kikasha cha bunduki ndiyo changa. Ilishika hasa katika karne ya 19, zilipokuja bunduki za kufyatua risasi kadhaa kabla ya kujazwa tena. Ile ya Spencer ya Marekani, ya mwaka 1860, ilihifadhi risasi 7 katika bomba ndani ya kitako. Ghala lote la ngome likawa limeingia begani kwa askari mmoja.

Niliweke sawa moja, maana nimelisikia hata kwa walimu: magazeti si "magazine" iliyoswahilishwa. Gazeti limetokana na "gazette", ambalo husemwa lilitokana na sarafu ndogo ya Venice, na ma- ni ya kwetu. Sura zimefanana tu, kama mtu na mgeni aliyevaa kanzu ya rangi moja naye.

Yule mama alirudi kabla ya adhuhuri. Kutoka magazini aliniletea mche wa sabuni na viberiti viwili.