Chicago na watoto, wiki ya kwanza ya Juni

Dada, kwa kuwa unakuja na watoto wiki ya kwanza ya Juni, usimalize hela kwenye viingilio. Lincoln Park Zoo ni bure mwaka mzima, na ukitoka hapo North Avenue Beach iko jirani, mnatembea tu. Maji ya Ziwa Michigan bado yana baridi kali wakati huo, kwa hiyo watacheza mchanga zaidi ya kuogelea. Beba masweta, upepo wa ziwani hauna huruma hata jua likiwaka.

Cha kulipia ambacho usikikose ni safari ya boti kwenye Mto Chicago. Panda ya jioni, mkae juu kwenye sehemu ya wazi. Mtaona maghorofa kwa chini yake kabisa, na mto wenyewe una kisa: mwaka 1900 waligeuza mkondo wake ili maji taka yasiingie ziwani, maana maji ya kunywa ya mji yanatoka humo humo.

Gari msikodi, maegesho ni ghali mno. Treni na mabasi ya CTA, usafiri wa umma wa mji, yanawatosha.